Orodha ya Meja

Ndugu yangu mwenye mke au mume, mwenye watoto, mama mkwe na shemeji asiyeishiwa ushauri, sogea tuzungumze, kwa maana wewe utanielewa. Nyumbani kwetu Njiro, Arusha, tunaishi na mbwa wa kilo 66.

Sikumtafuta mimi. Mjomba wa mke wangu, Mama Neema, alikuwa anaacha shamba lake la Karatu ahamie kwa mwanawe Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, akampigia simu mpwa wake, na mpwa wake akakubali kabla salamu hazijakwisha. Mimi nilipata habari mezani. "Baba Neema, Jumamosi tuna mgeni," akasema, huku akiniongezea mchicha. Ukiona umeongezewa mchicha bila kuomba, ujue jambo limeshapitishwa. Friji jipya lilikuja kwa njia hiyo. Mama mkwe naye alikuja kwa njia hiyo, kwa ajili ya matibabu ya macho. Macho yalipona zamani, na cherehani yake sasa ina kona yake barazani ambayo hakuna anayethubutu kuisogelea.

Mgeni alishushwa kwenye kirikuu akiwa na umri wa miezi mitano, ila nyayo zake zilikuwa za mbwa mzima. Ni Boerboel, aina iliyokuzwa na wakulima wa Afrika Kusini ili ilinde nyumba na mifugo. Dume lake hupita kilo 60 bila jitihada, na wapo wanaofika 80. Kichwa ni kipana, shingo imejaa, na mdomo una mate yasiyokauka. Anampenda kila mtu wa nyumba hii, na akikupenda anakuegemea. Egemeo la mbwa huyu limeshavunja kiti cha plastiki kikiwa na mgeni juu yake.

Watoto walimwita Koplo. Kila alipopimwa akakutwa ameongezeka, walimpandisha cheo: Sajini, Luteni, Kapteni. Sasa ni Meja, na kwa kuwa mbwa wa ukubwa huu huendelea kukua na kujaza mwili hadi karibu miaka miwili, Ukanali unanukia.

Jambo moja tu nataka tukubaliane mapema. Vitu vya mbwa mkubwa havichaguliwi kwa macho, wala kwa bei, wala kwa huruma. Vinachaguliwa kwa futi na mizani. Hilo ni rahisi kulisema kwenye karatasi. Kulipitisha katika nyumba ambamo kila mtu ana imani yake ni kazi nyingine.

Basi Mama Neema, ambaye watoto humwita Waziri wa Fedha asipokuwepo, aliandika orodha, akaibandika kwenye friji. Tatizo ni kwamba friji tayari lilikuwa na orodha nyingine. Neema, binti yetu mkubwa, alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza shule ya bweni, na Mama Neema alikuwa amenakili mahitaji yaliyotumwa na shule: godoro, ndoo, sahani, shuka, sanduku la chuma lenye kufuli. Orodha ya mbwa ikakaa pembeni yake: godoro, ndoo, bakuli, blanketi, mnyororo wenye kufuli. Mwandiko ni ule ule, wino ni ule ule. Nikitumwa sokoni nilikuwa napiga simu nyumbani kuuliza, "Hii ndoo ya lita 20 ni ya nani?" Jibu lilikuwa, "Nunua mbili."

Cha kwanza kwenye orodha ya mbwa kilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti chake. Hapo hakukuwa na mjadala, na ninashukuru. Karibu binadamu wote wanaopata ugonjwa huo, asilimia 99 kati yao, huupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa inazuia yote hayo. Wilaya nyingi huiunganisha na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba. Cheti cha Meja kimehifadhiwa na mama mkwe ndani ya Biblia yake, pamoja na risiti za umeme. Ndiyo maana tunamwita Bibi Usalama.

Daktari wa mifugo, baada ya sindano, alituambia neno lililobadilisha maisha yetu: "Nileteeni kilo zake. Msiniletee makadirio." Dawa nyingi za mbwa hutolewa kwa uzito. Vidonge vya minyoo alivyotuandikia ni kimoja kwa kila kilo 10. Ukikadiria chini, minyoo inabaki ikikucheka, na ukikadiria juu unampa mnyama dawa asiyoihitaji. Dawa za kupe nazo zina maboksi yaliyogawanywa kwa uzito, na mbwa wa aina hii hupita boksi la mwisho, mpaka daktari akuunganishie. Kupe si wa kuchezea, kwa sababu yule kupe wa kahawia wa mbwa hubeba magonjwa ya damu yanayoweza kumdhoofisha hata mbwa mwenye nguvu kiasi hiki.

Bibi Usalama alimtazama Koplo, wakati huo bado koplo, akasema, "Huyu ni debe moja na nusu." Kwa Bibi kila kitu kizito duniani hupimwa kwa debe, hata wakwe. Tukaenda mashine ya kusaga, kwenye mizani ya kupimia magunia. Watu waliokuja na mahindi yao wakaacha mahindi. Mbwa akapanda jukwaani, akaketi, akanyoosha kifua. Mizani ikasoma kilo 27. Debe la mahindi lina kama kilo 18, kwa hiyo Bibi alipatia barabara, na tangu siku hiyo heshima ya mizani ilishuka nyumbani kwetu na ya Bibi ikapanda. Mpaka leo tukirudi mashineni na namba mpya, watoto humpelekea yeye kwanza ili aithibitishe.

Halafu shemeji akaingia. Mdogo wake Mama Neema tunamwita Shemeji Bei Rahisi, kwa sababu hakuna kitu alichowahi kukuta umenunua kwa bei inayostahili. Alikuja na mfuko wa unga wa mifupa kutoka duka la vyakula vya mifugo. "Shem, mfupa mkubwa unataka chokaa. Mchanganyie kila siku." Nia yake ilikuwa njema kabisa. Daktari akaurudisha mfuko uleule. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa akizidishiwa madini ya kalsiamu, mifupa na viungo vyake huharibika wakati wa kukua, tena zaidi kuliko mbwa wadogo. Anahitaji chakula chenye uwiano, akue polepole, asinenepe. Shemeji alisikiliza kwa adabu, akaupeleka mfuko kwa kuku wa jirani, akarudi jioni na wazo lingine.

Wazo lilikuwa kamba. Hapa naomba unipe nafasi kidogo, maana huwezi kuielewa kamba hii bila kuielewa familia hii. Wakwe zangu ni watu wa Korogwe. Marehemu baba mkwe alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mpaka alipostaafu, na kwao katani ni jambo la heshima. Bibi anaweza kukueleza jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyouleta mkonge huku kwetu mwaka 1893, na jinsi ulivyoitwa dhahabu ya kijani, na anaeleza kwa kirefu, hasa ukiwa na haraka. Kwa hiyo Shemeji alipoleta kamba nene ya katani, akasema mbwa hatafungwa na kitu kingine chochote maadamu damu ya Korogwe inaishi, mke wangu alinyamaza, na mimi nilinyamaza zaidi.

Profesa ndiye aliyeishika. Huyu ni mwanangu wa kiume, mwenye miaka 11, anayesoma hadi maandishi ya mfuko wa saruji. Walitoka getini vizuri. Upande wa pili wa barabara alipita mbuzi. Mbwa alikuwa Luteni wakati huo, na Luteni alimfuata mbuzi kupitia bustani ya maua ya jirani, na Profesa alimfuata Luteni akiwa ameshika kamba kwa uaminifu. Nyuzi za katani zilimchubua viganja vyote viwili. Jirani alipoteza mawaridi. Mbuzi alisalimika. Bibi, akimpaka mjukuu wake dawa, alisema kwa sauti ya kufiwa kwamba katani ni ya kufungia meli.

Ndipo tukaenda kwa fundi, na hapa ndipo penye utajiri ambao wenye mbwa wakubwa wa mji huu tunao bila kuujua. Madukani mikanda ya mbwa ipo, mizuri, ya rangi, yenye kengele. Imetengenezwa kwa mbwa mwingine. Mkubwa kuliko yote ulifika nusu ya shingo ya mbwa wetu, ambaye sasa alikuwa Kapteni. Fundi viatu akasema, "Mzee, niletee vipimo tu."

Vipimo alichukua Bibi Usalama, mshonaji wa miaka mingi, aliyekuwa ameapa kutomgusa mnyama huyo kwa sababu ya mate. Alivaa aproni. Akamwita barazani, akamwambia, kama anavyowaambia wateja wake wote, "Simama wima, usivute pumzi." Mbwa akasimama. Futi ikazunguka shingo, ikazunguka kifua nyuma ya miguu ya mbele, ikashuka mgongoni. Kila mara aliingiza vidole viwili kati ya futi na ngozi, kwa sababu mkanda usiopitisha vidole viwili unakaba, na unaopitisha mkono mzima unavuka kichwa. Akaandika kwenye daftari lake la wateja, chini ya sare za kwaya na gauni la mama mchungaji: Meja, shingo 27, kifua 39. Koti la mate lilikuwa limemfika begani, naye akaendelea kuandika. Cheo cha Umeja, kwa kweli, alimpa yeye, ili asirudie kuandika.

Fundi alishona mkanda wa ngozi ya ng'ombe, upana wa inchi mbili, kwa sababu mkanda mwembamba kwenye shingo nzito unakata. Akashona na mkanda wa kifua, wenye pete mbele, katikati ya kifua. Pete hiyo ina kazi yake. Mbwa akifungwa mgongoni anavuta kwa mabega yake yote, na mabega ya Meja yangeweza kulima. Akifungwa kifuani, anapovuta anageuzwa upande, anakukabili, na nguvu inamwishia. Kamba yenyewe ni utepe mnene wa nailoni, ule wanaofungia mizigo kwenye malori, mfupi, wenye kishikio kilichokunjwa mara mbili. Zile kamba za kujikunja zenye uzi ndani tuliziacha dukani, hazikuumbwa kwa kilo hizi. Shemeji alipoona ule utepe ni mabaki aliyopewa fundi bure, alikubali kwamba maendeleo yapo.

Sasa godoro. Wengi hudhani mbwa mkubwa, kwa kuwa ana nguvu, anaweza kulala popote. Ni kinyume chake. Uzito wote ule ukilala kwenye sakafu ya saruji, viwiko vya mbele ndivyo vinavyoubeba. Ngozi inaota sugu, na mara nyingine kiwiko kinavimba na kujaa maji. Daktari alitwambia tuangalie godoro lenye unene unaomzuia kugusa chini. Mama Neema alijua saizi bila kuambiwa: futi mbili na nusu kwa sita, godoro la bweni.

Muuza magodoro, kijana mwenye adabu, alituona tukibeba mawili. "Hongereni. Wanakwenda shule moja?"

"Mmoja anabaki nyumbani," Mama Neema akajibu.

"Amekosa nafasi?"

"Hapana. Ana nafasi kubwa sana."

Tulifika nyumbani, na hapo mambo yakaenda kombo kwa njia ambayo mwenye watoto wengi ataitambua. Kitindamimba wetu, Chiriku, anayeongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkatize katikati ya sentensi, aliona magodoro mawili mapya na lake la zamani, akafanya hesabu yake mwenyewe. Akalala juu ya lile la mbwa. Mbwa akalala juu ya lile la Neema. Neema, ambaye ndiye hasa aliyekuwa na safari, akakuta godoro lake limelowa mate upande wa kichwani. Kilio chake kilisikika mpaka kwa fundi baiskeli. Mwishowe, kwa amri ya Waziri, Neema alikwenda shule na godoro safi, Meja akabaki na lililolowa, na Chiriku akahamishwa usiku akiwa bado anazungumza. Bibi alishona foronya mbili za turubai laini zenye zipu: moja inavaliwa, nyingine inafuliwa. Seremala akatengeneza kitanda cha mbao kifupi, kilichoinuliwa kidogo, ili unyevu wa masika usipande na hewa ipite chini.

Bakuli ndilo lililoleta mjadala mrefu kuliko yote. La plastiki lilidumu hadi mchana. Si kwamba tulililia, ila vipande vya plastiki vikimezwa ni hatari, kwa hiyo tukapanda kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ile nzito ya shughuli. Profesa alikuwa amesoma mahali kwamba mbwa mrefu ainuliwe chombo, asiiname. Alishatengeneza stuli, akaipaka rangi ya jeshi. Ilimpendeza kila mtu. Daktari ndiye aliyeikataa, kwa upole, akamweleza Profesa kama anavyomweleza mtu mzima. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupatwa na tatizo la tumbo kujaa gesi kisha kujipinda, na likijipinda, bila upasuaji wa haraka, mbwa hufa ndani ya saa chache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha mwaka 2000 utafiti uliokuta kwamba kuinua bakuli kulihusiana na hatari kubwa zaidi ya tatizo hilo, na kula haraka kulikuwa mojawapo ya mambo mengine yaliyohusiana nalo. Kwa hiyo chakula kigawanywe mara mbili au zaidi kwa siku, asile kwa pupa, na asikimbizwe akishashiba.

Profesa aliitazama stuli yake kwa muda. Kisha akashuka na mimi Mto Themi, tukachagua jiwe la mviringo, lililolainishwa na maji, kubwa kiasi ambacho hata mdomo ule hauwezi kulimeza. Jiwe hukaa katikati ya sufuria, na Meja analazimika kulizunguka ili aupate ugali wake wa dona, dagaa na mapupu. Chakula kilichokuwa kinaisha mara tu sufuria ikitua sasa kinampa Bibi muda wa kumaliza upindo mmoja. Stuli ya jeshi amepewa Chiriku, na ndiyo anayosimama juu yake akitoa hotuba.

Mapishi nayo yana masharti yaliyobandikwa jikoni. Vitunguu maji na vitunguu saumu haviingii kwenye sufuria ya mbwa, vinaharibu damu yake. Mifupa iliyopikwa haitolewi, inapasuka vipande vyenye ncha. Chokoleti hapana. Shemeji Bei Rahisi, anayeamini kwamba kutupa mfupa wa kuku ni dhambi, sasa hula kwetu akiwa amewekewa sahani ya pili ya mifupa, ambayo Mama Neema huihesabu.

Nikuambie na kifunga mdomo, maana utakihitaji siku ya kwenda kliniki. Chagua cha kikapu, kinachomwacha afungue kinywa na kutoa ulimi. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na ukimkaza mdomo kwa kitambaa kwenye jua la Januari unamfungia joto ndani. Chetu ni cha ngozi, cha fundi yuleyule, na Meja hukivaa bila kununa kwa sababu Profesa alimzoesha kwa kumwekea dagaa ndani yake.

Ukipiga hesabu utaona mbwa huyu anagharimu, na hapa sitakuficha ninachoamini. Mnyama hakuomba ukubwa wake. Sisi binadamu ndio tuliomkuza kizazi hadi kizazi kwa ajili ya kazi zetu, tukampa kifua kile na uzito ule, na madhara ya uzito ule yanamwangukia yeye, kwenye viwiko, kwenye nyonga, kwenye tumbo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na nafurahi kwamba ipo. Lakini hata bila sheria, kumpa kitu kisichomtosha ni kumtesa taratibu mbele ya watoto wanaotuangalia. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka, Mama Neema anaposoma bajeti ya nyumba na fungu la Meja likatangulia fungu la kubadilisha makochi, mimi huunga mkono hoja. Hoja ingepita hata nisingeunga mkono, hilo unalijua wewe uliyeoa. Ila mimi huunga mkono kwa moyo.

Kwa hiyo ukipewa mbwa wa aina hii, usikimbilie dukani. Tafuta mizani ya magunia. Tafuta mtu mwenye futi na subira. Mjue fundi viatu, seremala na daktari wa mifugo kwa majina, na ukiweza, uwe na mama mkwe anayejua kushona. Akipewa vitu vya kipimo chake, mbwa huyu anakula polepole, anatembea bila kumburuta mtu, analala bila kuumia, na nyumba inatulia pamoja naye. Vitambaa vya kufutia mate nunua kwa dazani.

Na mashati yako meupe, ndugu yangu, mpe shemeji. Atakuambia uliyanunua ghali.